Usiku wa Ijumaa ni Lini?

Mimi nimekulia Nakuru, nikaja Mombasa mtu mzima, mke wa mtu. Kiswahili nilikijua. Kalenda ya watu wa hapa ndiyo sikuijua.

Mwaka wa kwanza, jirani yetu, mama wa makamo, alinialika kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, ya binti yake. "Usiku wa Ijumaa, mwanangu, usikose." Ijumaa nikavaa dera jipya, nikatia asumini kichwani, saa mbili usiku nikabisha hodi. Ua ulikuwa umeshafagiliwa. Wasichana wawili walikuwa wanasugua masufuria ya biriani. Mama akanishika mikono: "Mwanangu, si jana? Tumekungoja mpaka tukachoka." Nililia palepale mlangoni, maana nilimpenda sana yule bibi harusi.

Akaniketisha, akanieleza. Kwa Waswahili siku huingia magharibi, jua likishazama. Usiku hutangulia, mchana wake hufuata. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao mimi tangu utotoni nauita Alhamisi usiku. Tazama Ramadhani: mwezi ukiandama, watu huswali tarawehe usiku uleule, na funga ya kwanza ni kesho yake. Nilikuwa nikiyaona hayo kila mwaka bila kuyaunganisha.

Basi ukialikwa, uliza: "Usiku wa kuamkia lini?" Hakuna atakayekuona mjinga. Mimi huuliza hata nikiwa na hakika, kwa sababu kupamba hakurudiwi.

Saa ni rahisi zaidi. Ukiwa na mgeni aliyezoea saa za Kizungu, mwonyeshe saa ya ukutani: mshale mfupi ukiwa kwenye nane, asome namba inayoukabili, mbili. Ni saa mbili. Wanangu walijifunza hivyo kwa siku moja. Kilichowasumbua ni majina ya siku, maana wiki yetu ina tano mbili: Jumatano ni ya tano ukianza Jumamosi, na Alhamisi ni tano ya Kiarabu, ukianza Jumapili. Mdogo aliniuliza kwa nini tano zimefuatana. Lilikuwa swali zuri, tukahesabu vidole pamoja.

Na ukiagana na fundi, usitosheke na "siku mbili tatu hizi." Wazee wa hapa wana maneno kamili: kesho, kesho kutwa, mtondo, yaani siku ya tatu kutoka leo, halafu mtondogoo, ya nne. Nilipoanza kumwambia fundi wangu wa nguo "mtondo", alicheka kwa furaha, akasema hajalisikia tangu bibi yake afariki. Nguo ilikuwa tayari siku hiyo.

Juzi yule mama amenialika tena, anaoza binti wa pili. Usiku wa Ijumaa. Nikamuuliza wa kuamkia lini. Akanikumbatia: "Wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi, magharibi ikishaingia. Na uje mapema, utanisaidia kumvisha."