Likeni mbili za Parmotrema, zote nyekundu kwa Jik

SWALI: Nimebandua likeni (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) mbili za kijivu, zenye majani mapana, kwenye magome ya jakaranda hapa Nairobi. Nimezidondoshea Jik, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, zote zimekuwa nyekundu. Ni spishi moja?

JIBU: Si lazima. Huenda una spishi mbili za jenasi Parmotrema: P. tinctorum na P. austrosinense. Zote zina asidi ya lekanoriki katika tabaka jeupe la ndani, na hiyo ndiyo inayokuwa nyekundu ikikutana na Jik. Kwa jozi hii Jik haiamui kitu. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10, utazame likeni inavyojizalisha.

Tinctorum ina isidia, yaani vijinundu vyembamba vilivyovikwa ngozi ileile ya kijivu ya likeni, vilivyotapakaa juu ya jani, hasa sehemu kongwe za katikati. Austrosinense ina soredia: vumbi lisilo na ngozi, limejipanga kwenye kingo zilizokunjamana. Pitisha kidole kikavu. Soredia hubaki kidoleni kama unga. Isidia hukwaruza, na zikikatika huacha kovu jeupe. Hapo ndipo watu hukosea, kwa sababu isidia zikiliwa na konokono, makovu yake hudhaniwa soredia. Usiamue kwa jani moja. Kagua kadhaa, ukingoni na katikati.

Upande wa chini zote ni nyeusi. Tinctorum huwa na ukingo wa kahawia usio na vinyuzi. Austrosinense mara nyingi ina mabaka meupe hapo. Uchukulie huo kuwa ushahidi wa nyongeza tu.

Ukirudia Jik, kwangua kwanza ngozi ya juu kwa wembe hadi uone weupe, gusisha tone kwa ncha ya kijiti cha meno, na usibandue macho: wekundu huja kwa sekunde chache kisha hufifia. Chupa iliyokaa wazi miezi mingi huwa imeisha nguvu, na ile ya nguo za rangi haina klorini, kwa hiyo haifai kabisa. Usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi; hutoa gesi ya sumu.

Ukiona isidia lakini hakuna wekundu, tafuta nywele nyeusi ukingoni. Zikiwepo, fikiria P. crinitum, ambayo weupe wake wa ndani huwa njano kwa potasiamu hidroksaidi ya asilimia 10. Usiipime juu ya ngozi ya likeni, maana ngozi ya zote tatu huwa njano.