Mzee hatetemeki tena, lakini haeleweki akiongea

Pole sana, dada. Unasema mzee aliwekewa ndani ya ubongo waya wa kifaa kinachopeleka umeme, kutibu Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo), mikono ikatulia, ila sasa sauti imefifia na maneno yanakokotana. Hilo hutokea, na wala hadeki. Umeme ukisambaa nje kidogo ya sehemu iliyolengwa, hugusa njia za neva zinazoendesha ulimi na midomo.

Rudini kwanza kwa daktari anayerekebisha kifaa, mkiwa mmemrekodi mzee kwa simu akiongea asubuhi na jioni. Kupunguza nguvu ya umeme huweza kurudisha matamshi, japo mtetemo nao unaweza kurudi kidogo. Mzee mwenyewe aamue anachokithamini zaidi. Msizime kifaa wala kupunguza dawa wenyewe, tafadhali!

Ombeni pia mtaalamu wa tiba ya usemi. Mazoezi ya LSVT LOUD, siku 4 kwa wiki kwa wiki 4, humzoeza mgonjwa kupaza sauti. Nyumbani zimeni redio akiongea, na msimmalizie sentensi. Usemi ukibadilika ghafla au mdomo ukipinda, mkimbizeni hospitali papo hapo.