Usitie saini kabla chumba cha mbu hakijaandikwa kwenye barua ya ajira

Usitie saini bado. Umeeleza kwamba vyuo vikuu viwili vya umma vinavyoshindana katika jimbo moja la Marekani vinakutaka, kimoja kwa mshahara mkubwa zaidi na kingine kwa ahadi ya chumba kipya cha kufugia mbu, na kwamba umeegemea hicho cha pili kwa kuwa mkuu wa idara amekuhakikishia kila kitu kwa simu. Simu hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie usiku huu, kwa sababu nami niliajiriwa kwa simu kama hiyo.

Nafanya utafiti juu ya Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria, kama wewe, kwa hiyo unajua kwamba mbu hawa hawafugwi katika ofisi yoyote iliyo wazi. Wanataka joto la nyuzi 27 hivi, unyevunyevu wa asilimia 70 hadi 80, taa zinazofuata zamu ya mchana na usiku, milango miwili ya kuwazuia wasitoroke, na damu kwa majike ili watage. Chumba cha namna hiyo hujengwa, kikakaguliwa na kamati ya usalama wa kibiolojia, ndipo kikaruhusiwa kutumika. Mkuu wa idara aliyenialika alinionyesha chumba chenyewe, akataja hata upande ambao makabati yangekaa, akasema kitakuwa tayari siku nitakayowasili. Barua iliyofuata ilisema tu kwamba nitapewa nafasi ya utafiti inayofaa. Nilipowasili nilikuta kimejaa viti vibovu, na mwenye ahadi alikuwa amekwisha kuhamia chuo kingine. Mrithi wake alinipokea kwa heshima, akasoma barua yangu mstari kwa mstari, akasema kwamba haoni deni lolote ambalo idara yake inadaiwa. Kwa mujibu wa maandishi alikuwa sahihi.

Hasara ya kukosa chumba hicho haikuwa usumbufu tu. Katika mfumo wa Marekani mhadhiri mpya kwa kawaida hupimwa kwa ajili ya ajira ya kudumu mwaka wa sita, na tamko la mwaka 1940 la chama cha maprofesa wa nchi hiyo, AAUP, linataka muda wa majaribio usizidi miaka saba. Muda huo huanza kuhesabiwa tangu tarehe ya kuajiriwa, wala haumsubiri fundi wa mabomba. Bila chumba hapakuwa na mbu, bila mbu hapakuwa na takwimu za awali, na bila takwimu hizo wapimaji wa maombi ya ruzuku waliona wazo zuri lisilo na ushahidi. Mwanafunzi wangu wa kwanza wa uzamivu alihamia maabara nyingine, na sikuwa na haki ya kumzuia.

Anayenikera kuliko wote ni mlezi wangu wa uzamivu. Nilimwuliza kama niombe ahadi ile iandikwe, naye akaniambia kwamba kufanya hivyo ni utovu wa adabu, na kwamba mgeni hapangi chakula cha mwenyeji. Alikuwa na cheo cha kudumu tangu zamani. Ushauri huo haukumgharimu chochote. Mtu yeyote atakayekwambia hivyo, mzee au kijana, usimsikilize.

Fanya hivi kesho. Mwandikie mkuu wa idara, ueleze kwa adabu yote mliyokubaliana, kisha uombe yaingizwe katika barua yenye saini ya mkuu wa kitivo, maana kwa kawaida huyo ndiye mwenye fedha na majengo. Taja namba ya chumba, nani anagharimia ukarabati, na tarehe ya kukabidhiwa kikiwa kimekaguliwa. Muhimu zaidi, taja kwamba chumba kikichelewa, muda wako wa majaribio utasogezwa mbele kwa kipindi hicho hicho, na vivyo hivyo ukomo wa kutumia fedha za kuanzishia maabara. Chuo kinachokutaka kwa dhati kitabishana juu ya maneno, lakini kitaandika. Kikikataa kabisa, nenda kwenye mshahara mkubwa, kwa sababu huo angalau umeandikwa.

Kuhusu mshahara wenyewe, uliza kama ni wa miezi tisa, kama ilivyo kawaida huko. Miezi ya kiangazi utajilipa kutoka kwenye ruzuku, na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, kwa kawaida hauruhusu mshahara wa zaidi ya miezi miwili kwa mwaka.

Wakikuharakisha, omba wiki mbili kwa maandishi. Mkuu wa kitivo akijibu, hata kwa mstari mmoja, uweke mstari huo hapa tuusome pamoja kabla hujashika kalamu.