Mkate wa Sabato na malengo ya ukuaji: mtoto wa miaka mitatu asukeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, mwalimu msaidizi katika shule ya awali ya Kiyahudi iliyomo ndani ya sinagogi, jimbo la Maryland, Marekani. Darasa langu lina watoto wa miaka mitatu na minne. Kila Ijumaa asubuhi tunatengeneza hala, ule mkate wa kusukwa wa Sabato. Sasa mkuu wa shule anataka niandike malengo ya ukuaji ya shughuli hiyo na jinsi nitakavyofuatilia maendeleo ya kila mtoto. Mimi ni Mkristo, na naona hayo ni mapishi na ibada tu. Nyumbani nilisomea ualimu wa chekechea, nimezoea malengo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Niandike nini? Na mtoto akishindwa kusuka, nimshike mikono?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalogusa watoto moja kwa moja: usimshike mikono. Ukimsukia kwa mikono yake, mkate utapendeza na mtoto hatakuwa amejifunza kitu.

Fikiria kusuka nyuzi tatu kunadai nini. Mikono miwili ifanye kazi tofauti kwa wakati mmoja, kila mkono uvuke katikati ya mwili kwenda upande wa pili, na kichwa kikumbuke zamu: kulia, kushoto, kulia. Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida anaweza kutunga shanga kubwa kwenye uzi, na kuchora duara ukimwonyesha. Wa miaka minne anaanza kushika kalamu ya rangi kwa vidole na dole gumba badala ya kuikamata kwa ngumi. Kwa hiyo wengi wa darasa lako hawajafika kwenye kusuka, na hakuna aliyechelewa.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka 1896 katika familia ya Kiyahudi huko Orsha, mji ulioko Belarus ya leo, alitufundisha kuangalia eneo lililo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akipata msaada kidogo. Kazi yako Ijumaa ni kulitafuta eneo hilo kwa kila mtoto. Anayebonyeza donge tu, mpe kazi ya kuliviringisha kwa viganja viwili mpaka lirefuke. Anayeviringisha vizuri, apinde kamba moja izunguke kama konokono. Aliyekwisha kuliweza hilo, azungushiane kamba mbili. Yule mmoja au wawili walio tayari, wape kwanza utepe wa rangi tatu uliobanwa kwenye ubao, uwe unasema nao polepole: wa pembeni anaruka wa katikati. Halafu ndipo waje kwenye unga.

Wala usidhani mkate wa mviringo ni wa walioshindwa. Kwa Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, hala huokwa ya mviringo kwa desturi. Waambie watoto hivyo, na uwaambie wazazi pia.

Sasa malengo. Chama cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo cha Marekani, NAEYC, tangu miaka ya 1980 kinawataka walimu wapange kazi kulingana na ukuaji wa mtoto. Mwalimu huzingatia mambo matatu: yanayojulikana kuhusu watoto wa rika hilo, jinsi mtoto huyu mmoja alivyo, na utamaduni wa jamii inayomlea. Hilo la tatu ndilo jibu la wasiwasi wako. Katika nyumba nyingi za watoto wako, jioni ya Ijumaa mishumaa itawashwa, baraka itasomwa juu ya divai au juisi ya zabibu, kisha hala italiwa mezani. Mtoto anayekanda asubuhi anajua anachokanda ni cha nini. Zoezi la karatasi la kufuatisha nukta halimpi hilo.

Katika fomu yako andika tabia inayoonekana kwa macho. “Mtoto ataelewa Sabato” huwezi kuliona. “Mtoto ataviringisha donge kwa viganja vyote viwili” unaliona. “Atasubiri zamu yake ya kumimina unga” unaliona. “Ataeleza kinachofuata baada ya kukanda” ni lugha na mpangilio wa matukio, na kwa mtoto wa miaka minne ni lengo halali kabisa. Hesabu nayo imo: vikombe vya unga, kamba ngapi, donge lipi refu zaidi. Kuhusu kufuatilia, chagua watoto watatu tu kila Ijumaa, uwe na kijidaftari mfukoni, andika alichofanya na alichosema kwa maneno yake, na tarehe. Baada ya miezi miwili utakuwa na ushahidi ambao hakuna mtihani wa chekechea ungekupa.

Jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka, nami naliona kubwa, ni wakati. Mtoto wa umri huu hashiki “miaka elfu tatu iliyopita”. Anashika “baada ya kulala” na “kesho tunakanda”. Sabato inayorudi kila wiki inampa wiki yenye umbo. Itumie: Jumatano waulize kimebaki nini kabla ya hala.

Wazazi wakikuuliza herufi ziko wapi, waonyeshe kadi za majina. Mtoto aweke kadi yake kando ya donge lake kabla ya kuoka, atakuwa na sababu ya kulisoma jina. Kama shule inatumia Kiebrania, jina liandikwe pia kwa herufi zake, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Misuli ya vidole inayokanda leo ndiyo itakayoshika penseli baadaye.

Na usihofu maswali yao. Dini yenyewe imeyawekea nafasi: usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, kwa desturi, mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti. Kitabu kinachosomwa usiku huo, Hagada, kinataja watoto wa aina nne, kila mmoja na jibu lake, na kwa yule asiyejua kuuliza, mzazi aanzishe mwenyewe. Nimeona maelekezo machache ya ualimu yaliyo bora kuliko hayo.

Mambo ya ibada mwachie anayehusika. Muulize mkuu nani anaongoza baraka, na kama wanatenga kipande cha donge kabla ya kuoka, maana kuna sheria zake. Usilete unga au mayai kutoka nyumbani, kwa sababu jiko linafuata kosha, yaani sheria za Kiyahudi za vyakula. Hakikisha orodha ya watoto wenye mzio wa ngano, mayai na ufuta iko ukutani. Na Pasaka ikikaribia, donge la kuchezea lililotengenezwa kwa unga wa ngano nalo huondolewa darasani pamoja na vyakula vyenye chachu, kwa hiyo uliza mapema watoto watafinyanga nini wiki hiyo. Udongo wa mfinyanzi unafaa sana.