Jibu: Nikiomba, akili inakimbilia madeni

Bwana Yesu asifiwe, mpendwa. Umesema tangu kazi iishe, ukipiga magoti akili inakimbilia kodi ya nyumba na ada, na unaogopa imani imekufa.

Kwanza angalia: unalala? Unakula? Nabii Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, kule mlima Horebu.

Halafu usipigane na hayo mawazo, yageuze yawe ndiyo maombi. Deni liliponikaba nililitaja mbele za Mungu pamoja na kiasi chake, kisha nikasoma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina mistari 6 tu: inaanza na "hata lini" na kuishia kwa kuimba, wala haisemi popote kwamba shida imekwisha. Siku kuimba kuliponishinda nilihamia ya 88, inayoishia gizani. Nayo ni Neno, usione aibu.

Kwa nini mlango wa kazi haufunguki, sijui. Anayekuuzia jibu kwa sadaka, mkimbie. Ila hilo la ada mwambie mzee wa kanisa wiki hii, usimwachie Mungu peke yake kama siri.