Mkalishe, mhesabie pumzi, na dripu iwe na sababu

Wadogo zangu wauguzi mnaoripoti kazini huku Kigoma, karibuni sana. Chuoni mmesoma magonjwa ya moyo yamepangwa sura kwa sura. Wodini mgonjwa haji na jina la ugonjwa. Anafika amepakiwa mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya dereva na ndugu, au ameshushwa kwenye boti kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa, anahema, na waliomleta wanasema ni malaria iliyopanda. Ukimtazama vizuri utaona miguu imevimba, mishipa ya shingo imetuna, na kila ukijaribu kumlaza anainuka. Huyo ni moyo umeshindwa kusukuma damu.

Usimlaze. Hilo ndilo la kwanza, kabla ya kanula (mrija wa mshipani), kabla hata ya kufungua faili. Mkalishe wima na miguu ining'inie pembeni mwa kitanda. Akikaa hivyo, damu inayorudi kifuani inapungua na mapafu yaliyojaa maji yanapata nafasi. Vitanda vingi havinyanyuki tena upande wa kichwa, basi chukua kiti, kipindue nyuma ya mgongo wake, weka mto juu yake. Nimeona watu wakipata nafuu kwa kukalishwa tu, daktari akiwa bado njiani.

Kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima. Nasisitiza dakika nzima, kwa kuwa ukipita wodi yoyote utakuta chati zimejaa 20, 20, 20, kitanda kwa kitanda. Hakuna wodi ambayo wagonjwa wote wanapumua mara 20. Namba hiyo ikiandikwa bila kuhesabiwa, tunapoteza dalili ya mapema kuliko zote, maana pumzi hupanda kabla presha haijashuka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akivuka 30, au akishindwa kumaliza sentensi, mwite daktari hapo hapo. Oksijeni mpe ikiwa kipimo cha kidoleni kiko chini ya 90. Kama kiko 96 haitamsaidia, na pengine mtungi huo unahitajika kitanda cha pili.

Sasa dripu. Hapa ndipo mtakapobanwa kuliko popote. Ndugu wa mgonjwa wanaamini hajatibiwa mpaka waone chupa inaning'inia, na usiku wa manane ni rahisi kumridhisha mtu kwa kutundika moja. Chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ina gramu 4.5 za chumvi, karibu sawa na kiwango cha juu cha siku nzima kinachoshauriwa kwa mtu mzima. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma, unamwongezea maji na chumvi ndani ya saa moja; yote yanaishia kwenye mapafu. Akihitaji dawa ya mshipani, iyeyushe kwa kiasi kidogo kinachoruhusiwa. Akiwa na malaria kali pamoja na moyo, au damu imepungua mpaka anaongezewa, kasi ya matone iwe imeamuliwa na daktari na wewe uirudie kuikagua, kwa sababu kuna mkono wa ndugu utakaoifungulia ili "iishe haraka". Waelezeni mapema, kwa upole na kwa heshima: "Mama, mwili wake una maji mengi mno, tunayatoa, hatuongezi." Ukianza na shikamoo na ukakaa chini kuwaeleza, watakuelewa.

Furosemidi, dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo, ikiandikwa, andaa kabla ya kuchoma. Bedpani au chupa ya mkojo iwe karibu na kitanda. Kama ana mpira wa mkojo, mwaga mfuko uwe mtupu, andika saa, ndipo uchome taratibu. Dawa huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, na mzee aliyekuwa hoi ataamka akitaka kwenda chooni mwenyewe, ng'ambo ya ua, gizani, presha imeshuka. Huko ndiko wanakoanguka. Katika saa 6 za kwanza tunatarajia zaidi ya mililita 100 za mkojo kila saa. Usipoziona, mpigie daktari usiku huo huo. Raundi ya asubuhi ni mbali. Maneno kama "mkojo upo" yasiandikwe kwenye faili. Andika namba.

Maumivu ya kifua yana haraka yake. Kipimo cha ECG, cha umeme wa moyo, kifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike, hata kama foleni ni ndefu. Wapo wasioshika kifua: mwenye kisukari, mama mtu mzima, anasema tu chembe kinamuuma na jasho la baridi linamtoka, anaondoka na dawa za vidonda vya tumbo. Aspirini itafunwe kwa maagizo ya daktari. Sindano ya diklofenaki kwenye tako msimpe kabisa. Inaudhuru moyo, na akija kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale palipochomwa patavuja.

Kina mama waliojifungua nawaombeeni macho ya ziada. Kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua, moyo wa mama unaweza kudhoofika bila kuwa na ugonjwa kabla. Anakuja kliniki na mtoto mgongoni, anakohoa usiku, anasema ni uchovu wa kunyonyesha. Muulize analalia mito mingapi ili apate pumzi.

Anayepewa digoksini, dawa ya moyo inayopunguza kasi ya mapigo, sikiliza mapigo kifuani kwa dakika nzima kila mara kabla ya kumpa. Yakiwa chini ya 60, usimpe dawa, toa taarifa.

Kuna siku mtasindikiza rufaa, kwenda Bugando kule Mwanza au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Pigeni hesabu ya oksijeni kabla gari halijawashwa. Mtungi wa ujazo wa lita 10 ukisoma bar 150 kwenye geji una takriban lita 1,500; ukitoa lita 5 kwa dakika ni saa 5 tu, na saa 5 hazikufikishi Mwanza. Beba wa pili, na ufunguo wa mtungi uwe mfukoni mwako, si kwenye droo ya wodi. Mgonjwa asafiri amekaa.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mpime uzito na umwandikie kwenye kadi. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, hajanenepa; arudi. Zungumza na anayempikia, na zungumzeni chakula cha kwao: migebuka iliyokaushwa kwa chumvi iachwe, dagaa waliotiwa chumvi walowekwe na maji yamwagwe, na chumvi ya Uvinza ibaki jikoni, isiletwe mezani. Mwulize akurudishie kwa maneno yake dawa ipi inamezwa saa ngapi. Akikosea, elezeni tena, hata kama gari la Kasulu linapiga honi nje.