Wakwe zako usiwapeleke kwenye hoteli ile

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Uliuliza kwenye simu kama Desemba uwapangie wakwe zako hoteli ileile ya kasino uliyotulipia Las Vegas, kwa kuwa nyumba yenu ya Henderson ni ndogo. Usiwapeleke. Najua ulijinyima ili tulale pale, na Mungu akubariki kwa hilo. Lawama zangu ni za hoteli.

Kutoka mapokezi hadi kwenye lifti hakuna njia nyingine, lazima ukatize ukumbi wa kamari. Mashine za dubwi zinalia usiku na mchana, dirisha hakuna, saa ukutani hakuna. Sigara zinavutwa humohumo, maana sheria ya Nevada ya mwaka 2006 iliyopiga marufuku uvutaji ndani ya majengo iliziacha kumbi za kasino. Mama yako na kifua chake kile alikuwa anapita amejiziba pua kwa kanga. Mjukuu wangu aliposimama kutazama taa, mlinzi alifika papo hapo: aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kusimama pale, apite tu. Mtoto akaniuliza, "Babu, nimefanya nini?" Sasa mkwe wako, mzee wa kanisa, utampitisha hapo asubuhi akienda kunywa chai?

Lakini lililoniumiza zaidi ni la friji. Insulini ya akiba ya mama yako inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Friji ya chumbani ilijaa chupa za kuuzwa, na kila chupa ina kitambuzi chake. Ukishaiondoa mahali pake, bei inaingia kwenye bili. Tulitoa mbili tupate nafasi ya dawa. Siku ya kuondoka tukadaiwa kana kwamba tumezinywa, na mama yako hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Nilibishana nao kaunta, kisanduku cha dawa mkononi, hadi wakazifuta. Mama yako alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa unaelezwa mbele ya foleni nzima ya wageni. Hilo sijalisamehe.

Nimetafakari kwa nini iwe hivyo. Nevada iliruhusu kamari mwaka 1931, na kwa miaka mingi vyumba na chakula viliuzwa bei ya chini ili mtu ashuke akacheze. Siku hizi hoteli kubwa za pale zinapata zaidi ya nusu ya mapato yao kwenye vyumba, vyakula, maonyesho na mengineyo nje ya kamari. Kwa hiyo jengo limechorwa kwa ajili ya mcheza kamari, na bili imetungwa kwa ajili ya asiyecheza. Sisi tulibebeshwa yote mawili. Ile ada ya huduma ya kila usiku, iliyokushtua baada ya kudhani umeshamaliza kulipa, ilihesabu hata bwawa la kuogelea ambalo hatukulikanyaga. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inawataka waijumlishe kwenye bei tangu mwanzo, ila kodi bado inaweza kuongezwa juu yake.

Ikibidi hoteli, hapo Las Vegas zipo zisizo na kasino wala moshi wa sigara. Ila ningekuwa wewe, ningewapa wakwe chumba chenu, nanyi mkalala sebuleni. Mama mkwe atafurahi kuingia jikoni kwako na kushinda na mjukuu. Hizo taa waonyeshe jioni moja, mkipita na gari.

Na baba mkwe mpeleke akaone Bwawa la Hoover, si mbali na kwenu. Ukuta wake una kimo cha mita 221, na yeye aliyefanya kazi kwenye bwawa letu la umeme la Nyumba ya Mungu hadi akastaafu atataka kuona mitambo kwa macho yake. Mkatie tiketi ya ziara ya kushuka chini kabisa, asiishie kutazama kutoka juu.

Baba yako